Lugalo, Kalenga na Mlambalasi: Mambo ya Ajabu ya Vita vya Mkwawa

Ndugu msomaji, ukipanda basi Morogoro kwenda Iringa, utavuka mto Ruaha pale Mbuyuni. Kisha utapanda mlima wa Kitonga wenye kona kali. Ukifika juu utapita Ilula, penye nyanya na vitunguu vingi. Mbele ya Ilula, kabla hujaingia Iringa mjini, pana mahali panapoitwa Lugalo. Hapo pana mnara wa kumbukumbu. Basi halisimami. Abiria wengi wamesinzia, na walio macho hudhani ni kaburi tu la mtu.

Kazi yangu ni ushauri wa kilimo, na kazi hiyo imenipitisha Lugalo mara nyingi. Leo sitasema habari za mbolea. Nataka tusafiri pamoja, mimi na wewe, tupite mahali patatu: Lugalo, Kalenga na Mlambalasi. Katika mahali hapo patatu vilianza na kwisha vita vya Wahehe na Wajerumani, tangu mwaka 1891 hadi 1898.

Jina la Mkwawa umelisikia. Lakini yapo mambo ya vita vile ambayo hayasemwi sana. Mengine ni ya kushangaza, mengine ni ya kuhuzunisha. Hebu tuyaone.

MTWA WA WAHEHE

Kwanza tumjue mwenye nchi. Baba yake Mkwawa aliitwa Munyigumba. Yeye ndiye aliyeziunganisha koo nyingi za Uhehe zikawa nchi moja. Munyigumba alifariki mwaka 1879. Baada ya ugomvi mkubwa wa kurithi kiti, mwanawe akawa mtwa. Mtwa kwa Kihehe ni mtawala.

Jina lake refu ni Mkwavinyika, jina la mtu aliyeteka nchi nyingi. Likafupishwa likawa Mkwawa. Naye aliteka kweli. Majeshi yake yalifika mbali, na misafara ya biashara iliyopita kati ya pwani na bara ilimwogopa. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuishika pwani. Walitaka njia ile ya bara iwe mkononi mwao. Kwa hiyo waliamua kwenda Uhehe.

LUGALO: MTU ALIYEITWA NYUNDO

Aliyepewa kazi hiyo ni Emil von Zelewski, mkuu wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii. Wenyeji walimwita Nyundo. Jina hilo peke yake linatosha kukuambia alikuwa mtu wa namna gani.

Hili ni jambo la ajabu la kwanza. Nyundo hakuwa mgeni wa kuanzisha vita. Mwaka 1888 alikuwa Pangani, akiitumikia kampuni ya Wajerumani. Huko aliidharau bendera ya Sultani wa Zanzibar na kuwaudhi watu katika mambo ya dini yao. Watu wa Pangani wakakasirika, na vita vya Abushiri vikaanza. Miaka mitatu baadaye mtu huyo huyo alipewa jeshi aende kwa Wahehe.

Jambo la pili ni askari wake. Ukisikia “jeshi la Wajerumani”, usidhani ni Wazungu watupu. Wazungu walikuwa wachache, hawakufika hata 20. Askari walikuwa Waafrika, zaidi ya 300, pamoja na wapagazi wengi. Wengi wa askari hao walitoka mbali. Mwaka 1889 Wajerumani walikwenda Misri wakaandika Wasudani waliokuwa wameachishwa kazi katika jeshi la Misri. Wengine waliwaandika Msumbiji, nao wakaitwa Wazulu.

Kwa sababu ya Wasudani hao, vyeo vya askari havikuwa vya Kijerumani. Vilikuwa vyeo vya jeshi la Misri, na asili ya vyeo hivyo ni Uturuki. Koplo aliitwa ombasha. Sajini aliitwa shaushi. Aliye juu yake aliitwa bashaushi. Kumbe Mjerumani alipiga vita Uhehe na Wasudani wenye vyeo vya Kituruki!

Sasa tazama upande wa Wahehe. Namna yao ya kupigana waliiga sana kwa jirani zao Wasangu: mkuki mfupi wa kuchoma kwa karibu, ngao ya ngozi ya ng’ombe, na vijana waliopangwa kwa vikosi. Wasangu nao walijifunza kwa Wangoni. Na Wangoni walitoka Kusini mwa Afrika, karibu na nchi ya Wazulu. Kwa hiyo siku ile ya Lugalo mbinu za Kizulu zilikuwa upande mmoja, na watu walioitwa Wazulu walikuwa upande wa pili. Hawakujuana.

RISASI YA NDEGE

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 17 Agosti, 1891. Nyundo alitangulia mbele amepanda punda. Msafara ulikuwa mrefu, watu wakifuatana mmoja mmoja katika njia nyembamba, kama mchwa. Nyundo aliwadharau Wahehe kwa kuwa silaha yao kubwa ilikuwa mkuki. Kwa hiyo hakutuma watu wa kutosha kupeleleza mbele. Mizinga na bombomu, yaani bunduki ya kumimina risasi, vilikuwa bado vimefungwa kama mizigo.

Wahehe karibu 3,000 walikuwa wamelala majanini na nyuma ya mawe. Inasemekana aliyewaongoza ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Walikuwa wameagizwa wasubiri mlio wa bunduki. Huo ndio uwe ishara ya kushambulia.

Yapo masimulizi kwamba ishara ile haikutolewa na Mhehe. Ofisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege, akampiga risasi. Wahehe waliposikia mlio wakainuka wote kwa kelele za vita. Hivyo ofisa yule, kwa kutamani kitoweo au mchezo, aliwaita adui zake mwenyewe.

Vita vyenyewe havikuchukua muda. Kabla mkulima hajamaliza kupalilia tuta moja refu, mambo yalikuwa yamekwisha. Askari wengi hawakuwahi kupiga risasi zaidi ya moja au mbili. Nyundo mwenyewe alichomwa mkuki. Husimuliwa kuwa aliyemchoma hakuwa shujaa wa siku nyingi, bali kijana wa miaka 16 hivi. Wajerumani 10 walikufa. Askari waliokufa walikuwa 250 hivi, na wapagazi karibu 100. Wahehe wakateka bunduki karibu 300 pamoja na mizinga.

Lakini, ndugu msomaji, usidhani Wahehe walirudi nyumbani wakicheza ngoma tu. Nao walipoteza watu wengi, wengine pale pale na wengine baadaye kwa majeraha. Inasimuliwa kuwa Mkwawa alikataza watu kukaa matanga, ili adui na majirani wasijue hasara ilivyokuwa kubwa. Fikiri juu ya jambo hilo. Mama amepoteza mwana katika vita vilivyoshindwa na watu wake mwenyewe, naye haruhusiwi kulia.

KALENGA: UKUTA MREFU

Sasa tuendelee na safari. Tuingie Iringa mjini. Hata jina la mji huu limetokana na vita. Lilinga kwa Kihehe ni boma. Mjini utaonyeshwa jiwe kubwa linaloitwa Gangilonga, maana yake jiwe linaloongea. Kutoka hapo tushike njia ya magharibi kama kilomita 15, tufike Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo.

Kalenga ndiyo iliyokuwa makao ya Mkwawa. Alikwisha kusikia habari za ngome za watu wengine, naye akataka yake. Ukajengwa ukuta wa mawe na udongo, mrefu kuliko mtu, mpana kiasi cha kutembea juu yake, na ulizunguka mji kwa kilomita kadhaa. Wewe unayejua kazi ya kujenga nyumba moja ya udongo, hesabu mwenyewe ni mawe mangapi yalibebwa, ni maji mangapi yalichotwa, na ni mikono ya watu wangapi.

Wajerumani walirudi mwaka 1894, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele. Safari hii hawakuja kwa dharau. Walipiga ngome kwa mizinga. Ng’ambo ya Kalenga kuna mahali panapoitwa Tosamaganga, na wenyeji husimulia kuwa jina hilo maana yake ni “tupa mawe”. Husema kuwa watu waliona makombora yakianguka kutoka mlimani wakadhani ni mawe yanayotupwa. Tarehe 30 Oktoba, 1894, askari wakauparamia ukuta wakaingia.

Hapa pana fundisho la kushangaza. Lugalo Wahehe hawakuwa na ukuta, wakashinda. Kalenga walikuwa na ukuta, wakashindwa. Ukuta mrefu unataka watu wengi wa kuulinda kila mahali. Aliyeujenga hawezi tena kumzunguka adui majanini. Adui anachagua mahali pamoja, anabomoa, anaingia. Nguvu ya Wahehe ilikuwa miguu yao na kuijua nchi yao. Nyuma ya ukuta nguvu hiyo ilifungwa kama ng’ombe zizini.

Hata hivyo Mkwawa hakukamatwa. Alitoka, akaenda porini.

MIAKA MINNE YA GHALA

Sehemu hii ya vita naijali kuliko nyingine zote, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa jembe. Kwa karibu miaka minne Mkwawa alitembea porini na watu wake. Mtu akiwa porini na kikosi chake halimi. Anakula nini basi? Anakula cha mkulima. Kila siku ile ya vita ililipwa na mtama na mahindi ya mtu fulani, ghala ya mtu fulani, mke wa mtu fulani aliyesaga usiku.

Wajerumani walilijua jambo hilo. Wakaacha kumtafuta Mkwawa peke yake, wakatafuta chakula chake. Walichukua ng’ombe, walichoma vijiji, waliharibu mashamba na maghala, walishika wanawake na watoto. Njaa ikawa silaha. Wakatangaza pia kwamba atakayeleta kichwa cha Mkwawa atapewa rupia 5,000. Kwa mkulima wa siku zile hiyo ilikuwa mali asiyoweza kuihesabu. Lakini miaka ilipita, na wengi waliojua alipo hawakusema.

Aliyemwinda Mkwawa ni ofisa aliyeitwa Tom von Prince. Wenyeji walimpa jina la Bwana Sakarani, yaani mlevi, kwa kuwa alipigana kama mtu asiye na akili zake. Naye ana ajabu yake. Hakuzaliwa Ujerumani. Alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Mauritius, na baba yake alikuwa Mwingereza. Baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, Sakarani aliuawa Tanga mwezi wa Novemba 1914, akipigana na jeshi la Waingereza, watu wa upande wa baba yake.

Tusimsahau Mpangile, yule anayesemekana kuongoza Lugalo. Alijisalimisha kwa Wajerumani. Mwezi wa Desemba 1896 wakampa utawala wa Uhehe mahali pa ndugu yake. Mwezi wa Februari 1897 wakamwua, kwa kumshuku kuwa anamsaidia Mkwawa kwa siri. Alikaa kitini miezi miwili hivi. Upande mmoja walimwona msaliti, na upande wa pili nao wakamwona msaliti. Vita huwafanyia watu hivyo.

MLAMBALASI: KABURI LISILO NA KICHWA

Kutoka Kalenga tuendelee na njia ile ile, ile iendayo kwenye hifadhi ya wanyama ya Ruaha. Baada ya mwendo mrefu tutafika Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka Iringa mjini. Hapa ni nchi kavu ya miti ya miiba, na pana majabali makubwa yenye pango.

Mwezi wa Julai 1898 Mkwawa alikuwa mgonjwa, amebaki na watu wachache mno. Kikosi kilichoongozwa na sajini mmoja wa Kijerumani aliyeitwa Merkl kilimkamata kijana aliyekuwa naye. Kijana akasema mtwa yu mgonjwa, na hayuko mbali. Tarehe 19 Julai askari wakanyemelea. Wakaona watu wawili wamelala chini. Merkl akapiga risasi. Waliposogea wakakuta Mkwawa amekwisha kufa. Alikuwa amejipiga risasi mwenyewe ili asikamatwe hai.

Merkl akaamuru kichwa kikatwe, akakipeleka Iringa kwa Sakarani. Mwili ukazikwa Mlambalasi bila kichwa. Mzee yeyote atakuambia kuwa huo haukuwa msiba wa mtu mmoja. Ndugu walimzika nusu mtu wao.

Na katika Mlambalasi hiyo hiyo wataalamu wa mambo ya kale wamechimba chini ya pango wakapata mifupa ya watu walioishi maelfu ya miaka kabla ya Wahehe na Wajerumani.

FUVU KATIKA MKATABA WA DUNIA

Sasa nakuambia jambo la ajabu kuliko yote. Mwaka 1918 Vita Kuu ya Kwanza vilikwisha, na Wajerumani walishindwa. Mwaka 1919 wakubwa wa dunia walikutana Ufaransa wakaandika mkataba wa amani, unaoitwa Mkataba wa Versailles. Ndani yake mna habari za mipaka ya nchi, majeshi na malipo ya vita. Na kifungu cha 246 kinasema kwamba katika miezi sita Ujerumani itawapa Waingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Ndiyo, jina la mtu wa Kalenga limo katika mkataba ule.

Kifungu hicho hicho kinataka pia Msahafu wa Khalifa Uthman urudishwe kwa Mfalme wa Hejazi. Basi utaona kuwa fuvu liliwekwa katika vitu vya heshima.

Lakini mkataba haukutimizwa. Wajerumani walisema hawana fuvu hilo. Ikapita miaka zaidi ya 30. Mwaka 1953 Edward Twining, Gavana wa Tanganyika, alikwenda katika makumbusho ya mji wa Bremen huko Ujerumani. Huko palikuwa na mafuvu karibu 2,000 yaliyokusanywa kutoka nchi mbalimbali. Yakatengwa yaliyotoka huku kwetu, yakapimwa, na vipimo vikalinganishwa na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Likachaguliwa moja lenye tundu la risasi.

Tarehe 19 Juni, 1954, fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la nchi yetu kwa miaka mingi. Fuvu lilikaa mbali na kwao miaka karibu 56. Ukifika Kalenga, ingia katika makumbusho. Utaliona ndani ya sanduku la kioo.

NANI ATAANDIKA MAJINA?

Ndugu msomaji, safari yetu imefika mwisho, lakini jambo moja linanisumbua, nami nataka likusumbue na wewe.

Turudi Lugalo kwa mawazo. Katika vitabu vya vita vile, Mjerumani aliyekufa ametajwa kwa jina lake na cheo chake. Askari wa Kisudani na wa Kizulu wametajwa kwa hesabu: 250 hivi. Wapagazi nao kwa hesabu: karibu 100. Mpagazi ni mkulima aliyebeba mzigo. Wahehe waliokufa hata hesabu yao ni ya kukisia. Yule kijana wa miaka 16 anayesimuliwa kuwa alimwangusha Nyundo, vitabu vinamwita “kijana” tu. Na wale wanawake waliosaga unga usiku, wakajua Mkwawa yuko wapi, wakazikataa rupia 5,000, hawakutajwa kabisa.

Je, watu hao hawakuwa na majina? Walikuwa nayo. Waliozikwa bila kuandikwa walikuwa na mama waliowapa majina. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulikuwa na watu wanaojua kuandika, na upande wa pili haukuwa nao.

Leo wewe unasoma gazeti hili. Maana yake kalamu unaijua. Basi ifanyie kazi hii:

Kwanza, mtafute mzee wa ukoo wako. Mwulize majina ya babu zake, walikoishi, na vita au njaa waliyoipata. Siyo lazima uwe Mhehe. Vita vya Abushiri, vya Mkwawa na vya Maji Maji viligusa nyumba nyingi katika nchi hii.

Pili, yaandike katika daftari. Andika jina, kijiji, na jambo alilofanya mtu huyo. Usiongeze chumvi. Kama wazee wawili wanasimulia tofauti, andika masimulizi yote mawili.

Tatu, andika nani amekuambia na tarehe aliyokuambia. Atakayesoma baada yako atajua habari imetoka wapi.

Nne, daftari liweke mahali pakavu, mbali na mchwa na panya, kama unavyoweka mbegu. Mwambie mtoto wako lilipo.

Tano, kama kijijini kwenu pana kaburi la zamani, ukuta wa mawe au pango, msichukue mawe yake kwa kujengea. Kalenga ukuta ule mkubwa karibu umekwisha wote. Kilichobaki ni kidogo sana, na atakayetaka kuuona itambidi aoneshwe.

Fuvu moja lilitajwa katika mkataba wa dunia, likarudi kwao. Wale wengine hawana mkataba. Majina yao yako midomoni mwa wazee wachache, na wazee hao hawatakaa milele. Anza na mzee aliye karibu nawe. Nenda wiki hii, baada ya kazi ya shamba.